Hii ni tunda ao ni mboga? Namna ya kutofautisha, na vile inakusaidia ku soko, mu jiko na mu shamba

Kuko fujo moja yenye haiishaka mu manyumba ya Goma: tomati ni tunda ao ni mboga? Mutoto anatoka ku masomo anasema mwalimu alisema ni tunda, mama yake anamujibu basi kama ni tunda kesho nitakuwekea tomati mbili mu kartable ukule saa ya rekreasio, na baba anaangalia telefone anajifanya hasikie. Mutoto iko na haki, mama pia iko na haki, juu kila moja anajibu swali yake.

Maswali iko mbili. Ya kwanza ni ya muti wenyewe: hii kipande niko nakamata, ku muti ilikuwa nini? Ya pili ni ya jiko: hapa kwetu tunaikulaka namna gani? Batu banachanganya izo mbili ndiyo maana kelele haiishe. Lakini sitaki tubakie mu kelele, juu ukijua kweli kipande gani ya muti iko mu kitunga yako, utajua pia namna ya kuichagua, mahali pa kuiweka, muda wa kuiacha ku moto, na hata namna ya kuipanda mu gunia nyuma ya nyumba.

Anza na ua

Kwa muti, tunda ni kile kinabakia kisha ua kufa. Ndani ya ua, pale chini, kuko kisehemu kidogo banaita ovari, na mule ndani kuko tuntu tudogo twenye tutakuwa mbegu. Ua ikipata poleni (ule unga wa njano nyuki anabebaka ku miguu), majani yake ya rangi inaanguka, ovari inavimba, mbegu zinakomaa, na unapata tunda. Ni ivyo tu. Utamu hauko mu hesabu, rangi haiko mu hesabu, bei pia hapana. Mboga yeye, mutu wa botania (elimu ya mimea) ukimuuliza, atakuambia hana neno ya ivyo mu kazi yake. Ni neno ya jikoni, inabeba majani, mizizi, mashina, maua yenye hayajafunguka, na hata matunda kiasi yenye yaliingia mule kwa mulango wa nyuma.

Namna ya kuona kwa macho, bila kitabu: kamata tomati, angalia pale ilikuwa imefungwa ku muti. Ile nyota ya kijani ni kikombe ya ua ya zamani, ndiyo ilikuwa imefunika ua mbele ifunguke. Sasa geuza upande wa chini, utaona kidoti kidogo kikavu, kovu ya ua. Obejini iko na kofia ya kijani ya namna ileile, zingine na tumiiba. Pilipili, puavuro, prini, avoka, zote ziko na pande mbili, huku kikonyo huku kovu. Konkombre changa mara zingine unaipata na ua lenyewe limekauka bado linanatia ku ncha. Karoti haina iyo alama. Shu haina. Birayi haina. Ukikosa alama ya ua, hauko na tunda mu mukono.

Kisha ukate. Mbegu zikiwa ndani, umemaliza kazi. Ndizi ndiyo inasumbua batu hapo, banasema haina mbegu sasa ni tunda gani. Ikate mu duara, angalia katikati, kuko tudoti tweusi twenye tumejipanga: ni mbegu zenye hazikukomaa. Ndizi zetu zinafanya tunda bila kuzaa mbegu, ndiyo sababu hakuna mutu anapandaka mbegu ya ndizi, tunapandaka machipukizi. Kwa ivyo ni tunda, hata ikiwa ile ya kupika, hata ukiikaranga ukaiita makemba ukaikula na samaki.

Na jambo moja bengi banasahau: muti moja unaweza kukupa byote. Boga, majani yake changa ni mboga safi kabisa, boga lenyewe ni tunda, mbegu zake unakaranga unatafuna. Kwa ivyo usiulize "muti huu ni wa matunda ao wa mboga", uliza kipande yenye iko mbele yako.

Tupite ku meza ya bamama

Ingia mu soko ya Virunga, ao ushuke Kituku asubuhi wakati mitumbwi inaleta bintu bya Idjwi na bya Minova, na uangalie kile kiko chini na jicho ya muti.

Majani haina mashaka: lengalenga, sombe, majani ya maharagi, majani ya boga, epinari, shu za Kibumba zile kubwa kama kichwa ya mutoto. Shu ni majani yenye yalijikunja moja juu ya ingine. Kitunguu pia ni majani, hata kama iko mu udongo: ile ngozi juu ya ngozi unamenya ukilia ni sehemu ya chini ya majani, imejaza akiba. Puaro ni ndugu yake. Seleri ni kikonyo ya jani. Shufleri ni kichwa ya maua yenye haijafunguka, bana baivuna mbele.

Karoti, betrave, biazi bitamu na muhogo ni mizizi. Birayi ndiyo inadanganya batu, inalala mu udongo na kila mutu anasema muzizi, lakini ni shina yenye ilinona. Ushahidi ni macho yake. Kila jicho ni kichipukizi yenye iko nangojea, na muzizi haunaka macho. Ndiyo pia juu ya nini birayi ukiiacha ku mwangaza inageuka kijani kama shina yoyote ya inje, nitarudilia iyo juu ni ya hatari kidogo.

Sasa matunda yenye yalijificha mu mboga: tomati, obejini, puavuro, pilipili, konkombre, kurujeti, boga, zile obejini ndogo chungu, gombo, arikoveri na ganda yake. Zote matunda. Maharagi makavu, ganda lote lilikuwa tunda na wewe unapika mbegu. Punje moja ya mahindi ni tunda nzima, ngozi yake na mbegu vilishikana hata hauwezi kutenganisha. Na karanga ndiyo mi naipenda kuliko zote: ua yake inafunguka juu, mu jua, kama ua ya mutu wa heshima, kisha ikipata poleni inainama, inatosha kikonyo kirefu kinashuka kinatoboa udongo, na tunda inakomaa kule chini mu giza. Ukingoa karanga unavuna matunda mu udongo, si mizizi.

Freze nayo iko na mambo yake. Ile nyama nyekundu haitoke ku ovari, ni kiti ya ua yenye ilivimba, na zile tupunje twenye tunakwama mu meno ndiyo matunda yenyewe, kila moja. Nanasi ni maua mengi yenye yalishikana yakawa mwili moja, kila jicho ku ngozi ni ua moja. Uyoga usiutie mu fujo hii kabisa, hauko hata mumea.

Prini na tomati

Mutu akinibishia, mi namutiaka bibili ku sahani: tomati moja, na prini moja ile banaita prini ya Japon, ingawa haitoke Japon hata kidogo, asili yake ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini. Kata zote mbili kwa katikati. Utaona nyumba ndani yenye imejaa maji mazito kama jeli, mbegu za bapa zimezama mule, nyama imezunguka, ngozi laini inje. Ni kama mutu na binamu yake. Na ni binamu kweli, mu botania jina yao ya kwanza ni moja, Solanum, tomati ni Solanum lycopersicum, prini ni Solanum betaceum. Birayi iko mu familia ileile, obejini pia.

Lakini angalia vile tunazitendea. Prini unaimenya (itie kwanza mu maji ya moto kidogo, ngozi itatoka yenyewe, na usiiache juu iko chungu), unaipiga mu blenda muda mufupi tu ili mbegu zisivunjike zikaleta uchungu, unachuja, sukari kidogo, na hapo unakaribisha mugeni. Tomati unaikaranga na kitunguu, unatupia sambaza (tusamaki tudogo) juu, unasonga fufu. Muti haukutofautisha, sisi ndiyo tulitofautisha. Na kule Ekwador batu banasaga prini na pilipili banaifanya sosi ya kutia ku chakula, kila siku, hakuna mutu anashangaa. Kwa ivyo jibu ya jikoni inabadilika ukivuka mpaka, jibu ya muti haibadilike.

Swali ya pili, ya jiko

Mu jiko hakuna anaangalia ovari. Tunaangalia kama inakulwa mbichi ao inapikwa, kama inaenda na chumvi na mafuta ao inatosha yenyewe, kama inaingia pamoja na fufu ao inakuja kisha. Kwa kawaida kile tunaita tunda iko na sukari na asidi zaidi, kile tunaita mboga iko na sukari kidogo, lakini si sheria. Limao haina utamu na hakuna anaiita mboga. Avoka haina sukari ya kusema, imejaa mafuta, huku tunaitia chumvi tunaikula na maharagi, kule Brazili banaipiga na maziwa na sukari banakunywa.

Kama unafikiri ni maneno ya kupoteza muda, batu bashafika ku tribinali juu yake. Marekani, sheria ya ushuru ya 1883 ilisema mboga zenye zinatoka inje zilipe 10%, matunda yapite bure. Muchuuzi moja wa New York, John Nix, alikuwa anaingiza tomati, analipishwa, akamushitaki mukubwa wa ushuru wa bandari, Edward Hedden, arudishiwe pesa zake juu tomati ni tunda. Mu tribinali banasoma hata kamusi. Kesi ikapanda mpaka ku Mahakama Kuu, na tarehe 10 mwezi wa tano 1893 bajuji bote banasema kitu moja: kwa botania ni tunda, sawa, lakini ku soko na ku meza ni mboga, juu inakulwa na chakula yenyewe, haikulwe kama deseri. Nix akapoteza. Mama mwenye anavukaka Petite Barrière (ku mpaka wa Rwanda) na kitunga ku kichwa anaelewa iyo hadisi bila kufafanuliwa, jina yenye inaandikwa ku karatasi ndiyo unalipia.

Na Ulaya banageuza upande ingine. Mu sheria yao ya konfitiri ya 2001, karoti, tomati, biazi bitamu, boga na konkombre vinahesabiwa kama matunda, ili mutu mwenye anafanya konfitiri ya karoti (Portugal banaipenda) aweze kuiandika konfitiri ku chupa. Karoti, muzizi kabisa, tunda kwa sheria. Kwa ivyo mutu akikuletea sheria usimuruhusu amalize fujo na iyo.

Ku afya, hesabu ni ya aina ya tatu tena. OMS (Shirika la Afya Duniani) inasema mutu akule gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kisha inaongeza kwamba birayi, biazi bitamu na muhogo haviko mu iyo hesabu, vile vinahesabiwa pamoja na chakula ya kutia nguvu. Sahani ya birayi na fufu na kipande ya tomati juu, basi, haujafika.

Kuchagua na kuweka, bila frigo

Hapa ndiyo faida inaonekana, juu kwetu kura (umeme) inaenda inarudi na bengi hatuna frigo.

Tunda lengo yake ni kuiva. Jani, muzizi na shina lengo yao ni kuendelea kuishi, na ukishavikata viko nakufa polepole. Kwa ivyo tunda unaulizaka "itaiva lini", jani unauliza "itakauka lini".

Matunda nayo iko aina mbili. Kuko yenye yanaendelea kuiva hata kisha kuchumwa: ndizi, avoka, manga, papayi, mapera, marakuja, na tomati, ndiyo, tomati. Izo unaweza kununua ngumu kama unataka za katikati ya juma. Avoka hata hailainike ku muti, inangojea ichumwe ndiyo ianze. Halafu kuko yenye yakitoka ku muti yamemaliza: machungwa, mandarini, ndimu, nanasi, freze, prini, obejini, konkombre. Machungwa rangi inaweza kubadilika lakini sukari haiongezeke. Kwa ivyo nanasi ya Idjwi usiinunue ya kijani bila harufu ukisema itaiva ku nyumba, italainika, itaoza, na haitakuwa tamu. Nusa pale chini. Haina harufu, uiache.

Zile za aina ya kwanza zikianza kuiva zinatosha gazi moja inaitwa etileni, haionekane, na iyo gazi inaambia matunda ya jirani yaive pia. Unataka avoka ilainike mbio, ifunge na ndizi mbivu mu gazeti ao mu mufuko wa karatasi, si mu sasheti ya plastiki juu itatoka jasho ioze. Unataka tomati zikae, zitenge na ndizi, kikonyo kiangalie chini, zisipandane. Nayo ile gazi, ikikuta majani, inayageuza njano, na karoti inazifanya chungu. Bengi banatia byote mu basini moja juu ya kabati, ndizi juu ya lengalenga, kisha banalaumu mama mwenye aliuzisha. Basini mbili, moja ya matunda huku, moja ya majani kule, haikuombe makuta yoyote.

Majani unayasimamisha mu kopo na maji kidogo kama maua, ao unayafunika na kitambaa yenye imelowa, mu kivuli. Karoti ukifika nazo ku nyumba kata majani yake, juu yanaendelea kunyonya maji ya muzizi na karoti inakuwa laini kama kamba. Bitunguu binataka upepo na ukavu, birayi inataka giza na upepo, usibiweke mu gunia moja. Na birayi yenye iligeuka kijani, ule ukijani wenyewe ni wa majani tu, lakini unakuja pamoja na sumu moja, solanini, yenye kupika haiitoshe. Kijani kidogo, kata pale na nyama kiasi. Kijani nzima ao chungu ku ulimi, tupa, na usimupe mutoto.

Wenye frigo: ndizi zinageuka nyeusi mule, na tomati zinapoteza ladha, ziache inje, huku hakuna joto ya kuziharibu mu siku moja. Frigo ni ya majani, karoti, na tunda yenye ilikwisha kuiva.

Kuosha na kupika

Kile kinakulwa mbichi ndiyo kinaomba akili zaidi, na mu Goma tunajua kolera, hakuna wa kufundishwa. Tomati ya salade, konkombre, mapera, freze, hata avoka na nanasi zenye utamenya (kisu inabeba uchafu ya ngozi mpaka ndani), osha na maji yenye ilitiwa klori na ukangojea dakika 30, ao maji yenye ilichemka. Osha ikiwa nzima, kisha ndiyo ukate. Ukikata mbele ya kuosha, vitamini C inatoka na maji na uchafu unaingia mahali yake.

Moto sasa. Tunda ya jikoni kama tomati, obejini na kurujeti iko na maji mengi, itatosha maji yake yenyewe, usiongeze mbio. Majani laini kama lengalenga inaomba muda mufupi, ikishainama tu iko karibu, vitamini C haipende moto ya saa nzima. Na tia mafuta, kidogo inatosha, juu ile kitu ya lengalenga na ya karoti yenye mwili unageuza kuwa vitamini A haipite vizuri bila mafuta. Mawese ni nzuri mara mbili juu yenyewe tayari iko nayo, ile rangi nyekundu.

Sombe ndiyo iko peke yake, usiipike kama majani ingine. Jani ya muhogo iko na kitu yenye inaweza kutosha sianidi, sumu kabisa, na kile bamama zetu banafanyaka tangu zamani ndiyo dawa yake: kutwanga kunavunja jani, sumu inatoka, na kuchemsha muda murefu, sufuria bila kifuniko kwa mwanzo, inaipeleka na mvuke. Kwa ivyo sombe ya "vite fait" yenye batu banaanza kusifu siku hizi, majani yamekatwa-katwa tu na kisu na dakika kumi ku moto, mi sikule. Na maharagi, ni mbegu, na mbegu mbichi inajilindaka: maharagi mekundu yenye hayakuchemka sawasawa inaumiza tumbo vibaya, ichemke na nguvu, si ile ya kubembeleza ku makala ya kufa.

Kupanda mu gunia

Batu bengi ba Goma bakipiga jembe banapata jiwe ya volkano, ndiyo maana tunapanda mu magunia na mabasini ya kupasuka. Hapa ile habari ya ua inakuwa kalenda kabisa.

Kile unakula jani, unavuna mbele ya ua. Lengalenga ikianza kutosha maua majani yake inakuwa ngumu na nguvu inaenda ku mbegu, kwa ivyo kata ncha mapema, itachipuka pembeni, utakata tena. Acha muti moja ao mbili tu ipande maua kwa kupata mbegu ya mwaka kesho. Shu, seleri, epinari, ni sheria ileile. Kile unakula tunda, kinyume yake: bila ua hauna kitu, kwa ivyo usibembeleze tomati na mbolea ya kuku mingi sana, itakupa majani mazuri ya kupiga picha na tomati tatu. Na dawa ya wadudu usipulize asubuhi wakati maua yamefunguka na nyuki iko nafanya kazi, ngoja magaribi.

Mbegu pia inafuata kipande. Tomati, prini, boga, puavuro zinapandwa kwa mbegu ya ndani ya tunda yenye iliiva kabisa. Ya tomati itie mu glasi na maji yake siku mbili tatu mpaka inuke kidogo, ile jeli itatoka, osha, anika ku karatasi mu kivuli. Biazi bitamu na muhogo unakata shina unapanda, birayi unapanda yenyewe na macho yake. Avoka ya mbegu itaota bila shida, lakini haitakuwa sawa na mama yake na utangojea miaka, ukiweza tafuta yenye ilipandikizwa.

Boga ndiyo inaletaka maulizo mingi: iko na maua, maua yanaanguka, hakuna boga. Angalia nyuma ya ua. Kuko maua yenye iko na kikonyo chembamba tu, izo ni dume, na zinakuja za kwanza, zikianguka usisikitike. Zingine ziko na kaboga kadogo nyuma yake hata mbele zifunguke, duara kama goroli, iyo ni jike, ndiyo ovari yenyewe, unaiona na macho. Kaboga kakigeuka njano na kuanguka, ni kwamba poleni haikufika, na mu parsele ya mujini katikati ya mabati nyuki ni wachache. Amuka asubuhi mapema wakati zimefunguka, chuna dume moja, toa majani yake ya njano, ukamate kile kijiti cha katikati chenye unga, ukipangushe mu moyo ya jike. Dume moja inatosha jike mbili ao tatu. Kisha siku kiasi angalia tena, kaboga kakibakia kijani na kuanza kuvimba, funika udongo na majani makavu na umwangilie pale chini, si juu ya majani.